Usipoziba Ufa: Injini Iliyopasuka na Kitubio Chema



Vijana wenzangu, leo tuanzie gereji, kisha tutafika kanisani. Msiogope, safari si ndefu.

Huku Mbulu na Hanang pikipiki siyo chombo cha kutembelea tu. Ndiyo inayobeba magunia ya vitunguu saumu kutoka shambani. Ndiyo inayomfikisha katekista kwenye kigango cha mbali. Ndiyo inayomwahisha mama mjamzito hospitali usiku, iwe Dareda au Haydom, gari lisipopatikana. Ukitaka kujua vijana wengi wa VIWAWA wanakula kutokana na nini, pita kijiweni pale Katesh au Dongobesh, utawakuta wamekaa juu ya pikipiki wakisubiri abiria. Na nyingi ya pikipiki hizo hazikutoka dukani jana. Ni za mkono wa tatu, wa nne, zimeshabadilishwa kila kitu isipokuwa jina.

Pikipiki ya umri huo ina magonjwa mengi. Kuna mmoja nataka tuusome leo kama tunavyosoma mfano wa Injili: kupasuka kwa bodi ya injini.

Ufa unaanza wapi?

Bodi ya injini ni lile ganda la aluminiamu linaloshika kila kitu cha ndani: krenki, gia, na oili inayolainisha vyote. Ni aluminiamu iliyoyeyushwa ikamiminwa kwenye kalibu. Ni nyepesi, ni imara, lakini haipindi kama bati. Ikizidiwa, inapasuka.

Ukiwauliza mafundi nini kinaipasua, watakutajia jiwe la barabarani, kuanguka, au boliti iliyokazwa kupita kiasi. Lakini watakutajia pia cheni. Cheni ikilegea, na meno ya sproketi yakiwa yameisha, siku moja inaruka. Inajikunja pale mbele, kati ya sproketi ndogo na bodi. Gurudumu bado linazunguka, fundo la cheni linaisukuma bodi, na bodi inaachia.

Sasa angalia vizuri hapo. Bodi ilipasuka kwa sekunde moja, lakini cheni ilikuwa imelegea wiki kadhaa. Dereva alikuwa anaisikia ikigonga. Kukaza cheni ni kazi ya dakika chache na spana. Yeye kila siku alisema, "Nitakaza kesho."

Dhambi kubwa nazo huja hivyohivyo. Hakuna kijana anayeamka asubuhi akaamua kula hesabu ya bosi ya mwezi mzima. Kwanza alibeti mia tano, akashinda. Hakuna binti anayeamua ghafla kuishi maisha mawili, moja la nyumbani na moja la siri. Kwanza aliacha sala ya jioni, kisha akaanza kufuta meseji kabla ya kulala. Cheni ilikuwa inagonga. Dhamiri ilikuwa inasikia.

Kuongeza oili kila asubuhi

Haya, bodi imepasuka. Ufa wenyewe ni mwembamba kama unywele. Oili inatoka tone, tone. Kijana afanye nini? Pikipiki ni ya mkataba, na jioni hesabu lazima iende. Akimwambia bosi, anaogopa atanyang'anywa. Kwa hiyo kila asubuhi anaongeza oili, anafuta chini ya injini kwa tambara, anaingia barabarani kama vile hakuna kitu. Mwingine anaenda mbele kidogo: anasugulia sabuni ya mche, au anapaka gundi ya chuma juu ya oili ileile. Inashika siku mbili. Injini ikipata moto, gundi inabanduka, maana haikushika aluminiamu. Ilishika uchafu.

Siku oili ikiisha njiani, tuseme kwenye mlima Magara, na abiria yupo nyuma, vyuma vinasagana vikavu na injini inakwama. Gurudumu la nyuma linaweza kufunga papo hapo. Pale hatuzungumzi tena habari ya ufa. Tunazungumza habari ya watu wawili waliolala barabarani, na mmoja wao hakujua lolote kuhusu ufa huo.

Jamani, wangapi tunaishi hivi? Kijana yumo kwenye kwaya, Dominika hakosi, Komunyo anapokea, na kuna jambo moja analijua yeye peke yake. Akienda kwenye mkesha analia kidogo, anapata nafuu, Jumatatu inavuja tena. Anaongeza oili.

Tuelewane hapa. Ekaristi ni nguvu ya kweli, na Katekisimu ya Kanisa Katoliki inafundisha kwamba inafuta dhambi ndogo (na. 1394). Lakini Katekisimu hiyohiyo inasema mtu anayejua ana dhambi ya mauti apitie kwanza Sakramenti ya Kitubio kabla ya kupokea (na. 1385), kwa sababu Mtakatifu Paulo aliwaonya Wakorintho kila mtu ajipime kabla ya kula mkate ule na kunywea kikombe kile (1 Kor 11:27-29). Hapo hakuna njia ya mkato ya kuongeza oili tu.

Nabii Yeremia aliwalaumu viongozi waliolitibu jeraha la watu juu juu, wakitangaza amani mahali ambapo amani haikuwepo (Yer 6:14). Nabii Isaya alitumia mfano wa ukuta mrefu wenye ufa uliotuna, ukuta ambao ukianguka unaanguka ghafla (Isa 30:13). Na wazee wetu walishasema kwa maneno machache: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Mlima hauwezi kuungama

Hanang tunalijua jambo hili kwa uchungu. Tarehe 3 Desemba 2023 mvua kubwa zilileta maporomoko ya tope, mawe na magogo kutoka mlima Hanang. Katesh, Gendabi na maeneo ya jirani yaliathirika vibaya, na ndugu zetu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Serikali ilieleza kwamba sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji mpaka ikaachia.

Nisieleweke vibaya. Waliokufa siku ile hawakuwa wakosefu kuliko sisi tuliobaki. Yesu mwenyewe alilikataa wazo hilo alipozungumzia watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu (Lk 13:4-5). Lakini palepale aliwageukia waliokuwa wanamsikiliza na kuwaita watubu. Na ile 3 Desemba ilikuwa Dominika ya kwanza ya Majilio. Injili iliyosomwa duniani kote ilikuwa Marko 13:33-37, ile ya kukesha.

Mlima ulinyonya maji kimya kimya, na hauna mdomo. Haukuweza kusema, "Nimejaa, nisaidieni." Wewe kijana una mdomo. Unaweza kusema kabla hujaachia. Tuwaombee marehemu wetu wa Hanang pumziko la milele, na sisi tuliobaki tusipoteze muda tuliopewa.

Fundi anafanya nini?

Katika mafundisho ya Komunyo ya kwanza tulikariri mambo matano ya Kitubio chema: kutafuta dhambi, kujuta, kukusudia kuziacha, kuungama, na kutimiza malipizi. Wengi tuliyakariri tukayaacha palepale kwenye benchi la mafundisho. Njoo tuyaone kwenye meza ya fundi.

*Kwanza, kutafuta.* Fundi wa kweli haanzi na moto. Anamwaga oili, anashusha injini, anatoa kila kitu mpaka bodi inabaki tupu. Anaiosha kwa petroli. Kisha anatafuta mwisho wa ufa, kwa sababu macho yanadanganya. Kuna njia ya zamani: anapaka mafuta ya taa upande mmoja na chaki upande wa pili. Baada ya muda mafuta yanapenya na kuchora mstari juu ya chaki. Ufa ulioonekana una sentimita mbili, chaki inaweza kukuonyesha nne. Halafu kwenye kila mwisho wa ufa anatoboa tundu dogo, milimita mbili au tatu hivi. Utashangaa: kwa nini atoboe kitu ambacho tayari kimepasuka? Kwa sababu ncha ya ufa ni kali, na nguvu zote hukusanyika pale na kuusukuma mbele. Tundu la mviringo linaigawa nguvu ile. Ukichomelea katikati tu ukauacha mwisho, ufa utaendelea na safari yake.

Hapa ndipo wengi tunaharibu maungamo. Tunaungama katikati ya ufa. "Padre, nilikosa uaminifu." Sawa, lakini mwisho wake uko wapi? Ulifanya nini hasa, mara ngapi, nani aliumia? Kanisa linatutaka dhambi za mauti tuzitaje kwa aina na idadi kadiri tunavyokumbuka. Siyo kwa ajili ya kumridhisha padre. Ni ili ufa usibaki na ncha. Roho Mtakatifu ndiye chaki yetu. Mwombe akuonyeshe, kisha kaa kimya usubiri mstari utokeze.

*Pili, kujuta.* Aluminiamu ya kumimina ina vitundu vidogo sana vilivyokunywa oili miaka yote. Ukiosha nje tu, oili iliyo ndani itatoka wakati wa kuchomelea na kuharibu kazi. Kwa hiyo fundi anaipasha bodi moto taratibu ili oili itoke, anaifuta, anarudia. Na kuna jambo lingine. Aluminiamu yenyewe inayeyuka kwenye nyuzi joto 660 hivi, lakini juu yake ina ngozi nyembamba ya oksidi ambayo haiyeyuki mpaka zipite nyuzi 2,000. Ngozi hiyo huioni kwa macho, na isipoondolewa, chuma kipya hakishikani na cha zamani. Basi fundi anasugua kwa brashi ya waya mpaka panang'aa.

Ngozi hiyo kwetu ni visingizio. "Bosi mwenyewe ananinyonya." "Kila mtu kijiweni anafanya." "Yeye ndiye aliyenianza." Huenda ni kweli bosi anakunyonya. Hilo ni la bosi, naye ana Kitubio chake. Wewe sugua upande wako mpaka ubaki na sentensi fupi kama ya mwana mpotevu, ambaye alirudi nyumbani bila kumlaumu kaka yake wala njaa ya nchi ile.

*Tatu, kukusudia.* Kabla bodi haijaenda kuchomelewa, fundi mwaminifu anamwambia mwenye pikipiki: "Kijana wangu, nunua cheni na sproketi kabisa. Sikufungii bodi nzima kwenye cheni ileile." Maneno haya yanauma, maana ni hela. Lakini ndiyo maana ya kukusudia. Ukiniambia umejuta kubeti, na ile programu bado ipo kwenye simu na namba ya siri umeikariri, cheni yako bado imelegea. Kukusudia siyo kuahidi kwamba hutaanguka tena kamwe. Ni kuondoa leo kile kinachokuangusha.

*Nne, kuungama.* Sasa unakuja moto. Bodi inapashwa kwanza yote, isije ikapasuka upya kwa kuungua sehemu moja tu. Kisha inachomelewa kwa mashine ya gesi ya agoni na waya wa kujazia wa aluminiamu. Kama kwenu mashine hiyo haipo, bodi itapanda basi kwenda Babati au Arusha. Kazi hii ina hatari yake: chuma cha kawaida kinakuwa chekundu kabla ya kuyeyuka, kwa hiyo unaonywa. Aluminiamu haibadiliki rangi hivyo. Unaitazama ipo sawa, ghafla inadondoka. Ndiyo maana hapewi kila mtu mwenye mashine.

Na bodi haijichomelei. Vijana wengi mnaniambia, "Mimi naungama moja kwa moja kwa Mungu chumbani kwangu." Sala ya toba chumbani ni njema, endelea nayo, hiyo ni kupasha moto. Lakini Kristo mfufuka aliwapa Mitume mamlaka ya kuondolea dhambi (Yn 20:22-23), na mamlaka hayo yanafanya kazi kupitia sikio na mdomo wa mtu. Unaogopa kwa sababu paroko anakufahamu, anamfahamu mama yako, na sauti yako ameshaisikia kwenye kwaya? Nenda parokia ya jirani. Tafuta padre mgeni wakati wa Kwaresima au Majilio. Na ujue kwamba siri ya maungamo haivunjwi kwa sababu yoyote ile, si mbele ya mzazi, si mbele ya polisi, si mbele ya askofu (Sheria ya Kanisa, kanuni ya 983). Padre akitoka pale, hana ruhusa hata ya kukuonyesha kwa macho kwamba anajua.

*Tano, kutimiza malipizi.* Baada ya moto, bodi haitupwi kwenye maji. Inafunikwa kwenye majivu au mchanga mkavu ipoe polepole. Ikipoa, fundi anaiweka juu ya kioo bapa na kuangalia: moto umeipinda kidogo, uso wake haukai sawa. Anatandika msasa laini juu ya kioo na kuisugua taratibu mpaka ikae. Anaweka gasketi mpya. Anajaza oili, anawasha, anaiacha ingurume huku akitazama chini kama kuna tone.

Katekisimu inafundisha jambo hili wazi: maondoleo yanaondoa dhambi, lakini hayatengenezi peke yake uharibifu wote ulioletwa na dhambi (na. 1459). Ufa umezibwa kweli, Mungu amekusamehe kweli, na bado uso umepinda, unahitaji msasa. Hesabu uliyokula inarudishwa, hata kama ni kwa elfu mbili mbili kila jioni. Uongo uliousema juu ya mwenzako unakwenda kusahihishwa palepale kijiweni uliposemwa. Zakayo hakuishia kumwandalia Yesu chakula. Alisimama akatangaza kumrudishia mara nne kila aliyemdhulumu (Lk 19:8).

Mfano unapoishia

Kila mfano una mahali unapokomea, na huu nao unakomea hapa. Gerejini kuna bodi ambayo fundi akiitazama anatikisa kichwa: "Hii basi, tafuta nyingine." Imepasuka mahali krenki inapokaa, au imeshachomelewa ovyo mara nyingi mno. Inatupwa kwenye lundo la vyuma chakavu, inauzwa kwa kilo.

Katika Kitubio neno hilo halipo. Kwa Mungu hakuna kijana wa kuuzwa kwa kilo. Uwe umetoa mimba, uwe umeiba, uwe umeambukiza mtu ukijua, uwe umekaa miaka kumi bila kukanyaga kiti cha maungamo, uwe umeungama dhambi ileile mara hamsini: Padre hatakutazama na kusema tafuta roho nyingine. Unayo hiyo moja, na Kristo ameifia hiyo hiyo. Watu wa Nazareti walimjua kama fundi (Mk 6:3). Mikono yake ilizoea vitu vilivyovunjika. Na alipofufuka aliwaonyesha Mitume makovu yake bila kuyaficha. Kwa hiyo usione aibu kwamba pale palipochomelewa panaonekana. Bodi yenye kovu lililochomelewa vizuri inapanda Magara na abiria juu.

Ndugu yangu, dada yangu, wiki hii fanya mambo matatu tu. Moja: leo usiku zima data, kaa dakika kumi na tano, mwombe Roho Mtakatifu akuonyeshe mwisho wa ufa wako. Mbili: chagua cheni moja iliyolegea na uikaze kesho asubuhi, siyo kesho kutwa. Tatu: uliza saa za maungamo parokiani kwako au parokia ya jirani, na uende kabla ya Dominika. Kama una rafiki ambaye unajua kila asubuhi anaongeza oili, usimsimange. Mwambie, "Twende wote." Mkaage kwenye foleni pamoja.

Tusali: Ee Bwana Yesu, wewe uliyefanya kazi kwa mikono yako Nazareti, unazijua nyufa zetu hata zile tulizozifunika. Utupe ujasiri wa kuzifungua mbele yako mpaka mwisho wake, majuto ya kweli yasiyo na visingizio, na nguvu ya kurudisha tulichoharibu. Uwalinde vijana wote walioko barabarani usiku huu pamoja na abiria wao, na uwape marehemu wetu raha ya milele. Bikira Maria, kimbilio la wakosefu, utuombee. Mtakatifu Yosefu, msimamizi wa wafanyakazi, utuombee. Amina.